Aliye Chini Naye Aulizwe: Mawasiliano na Migogoro Katika Timu ya Kazi

Kati ya 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilijaribu karatasi moja ya ukaguzi katika vyumba vya upasuaji vya hospitali nane za miji minane: Toronto, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, London, Seattle na Ifakara yetu ya mkoani Morogoro. Karatasi hiyo ina vipengele 19. Vingi ni vya kitabibu: dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa kwa wakati, pamba zimehesabiwa, kifaa cha kupima oksijeni kinafanya kazi. Kimoja hakina dawa wala kifaa ndani yake. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi aliyokuja kufanya. Kisha daktari wa upasuaji anaeleza hatua gani anaihofia, mtaalamu wa usingizi anasema lake, na wauguzi nao wanasema lao.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Katika hospitali hizo nane, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7. Siwezi kudai kwamba kutajiana majina peke yake ndiko kulikookoa watu hao, maana karatasi ilisahihisha mambo mengi kwa mpigo. Ninachokiona pale, na ambacho ofisi, karakana, hoteli au shule yoyote inaweza kukichukua, ni huku kumpa kila mtu zamu ya kusema. Muuguzi hahitaji kutafuta ujasiri wala kuomba radhi kwa kumkatiza daktari bingwa. Utaratibu wenyewe unamgeukia na kumuuliza.

Semina nyingi za mawasiliano kazini huwahimiza watu wa chini wawe jasiri. Naona ushauri huo unamtwika mzigo yule asiye na nguvu za kuubeba. Kijana aliyeajiriwa juzi, anayemwamkia bosi wake shikamoo na ambaye mkataba wake unaisha Desemba, hatamwambia mzee huyo kwamba amekosea, hata ukimpeleka semina kumi. Heshima hiyo amelelewa nayo, si kasoro yake. Kazi ya kiongozi ni kupanga mambo ili kusema kusiwe kuvunja heshima.

Gharama ya kutopanga hivyo iliandikwa kwa damu tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, ukungu umetanda. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mkufunzi mwenye jina kubwa katika kampuni yake. Alianza kuondoka bila kibali cha kuruka. Mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma yake, aliuliza kama ile ya Pan Am ilikuwa bado haijaondoka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo kwamba imeshatoka. Mhandisi hakurudia swali. Sekunde chache baadaye ndege ziligongana na watu 583 wakafa.

Mhandisi yule alikuwa ameona hatari, na aliisema. Ila aliisema kama swali, na jibu la mkubwa likalifunga swali. Ajali hiyo na nyingine za miaka ile zilifanya mashirika ya ndege yaanze kuwafundisha marubani namna ya kuwasikiliza wenzao, na kuwafundisha wasaidizi namna ya kusema mara ya pili. Lugha ya redio nayo ilikazwa: neno la Kiingereza la “kuruka” sasa hutamkwa tu pale kibali chenyewe kinapotolewa au kufutwa, ili asitokee tena mtu wa kulisikia akadhani ameruhusiwa.

Basi tuanze na kusema mara ya pili, maana ndipo wengi tunapokwama. Ukisema jambo la hatari na mkubwa akalipuuza, lirudie kwa maneno yaliyo wazi zaidi, huku ukibakiza adabu yote. Mara ya kwanza: “Dokta, samahani, nina wasiwasi na mgonjwa wa kitanda cha sita.” Asipogeuka: “Dokta, presha yake inashuka, na mimi siridhiki tuendelee hivi.” Bado: “Dokta, huyu mgonjwa yuko hatarini. Naomba tusimame kwanza.” Cheo chake umekiheshimu mwanzo hadi mwisho. Ulichobadilisha ni uzito wa maneno. Timu ikikubaliana mapema kwamba maneno “naomba tusimame kwanza” yakitamkwa na yeyote, hata mhudumu wa usafi, kila mtu anasimama, mkubwa naye hatayasikia kama dharau.

Kuna namna ya kutoa taarifa ambayo hospitali nyingi duniani huitumia, na asili yake ni jeshi la majini la Marekani, kwenye nyambizi. Ina sehemu nne: hali ilivyo sasa, ilikotokea, unavyoiona wewe, na unachoomba kifanyike. Tazama tofauti. Muuguzi anampigia daktari saa tisa usiku na kusema, “Dokta, yule mama hajisikii vizuri.” Daktari, nusu usingizini, anajibu, “Endelea kumwangalia.” Sasa asikie hivi: “Dokta, nipo wodi ya wazazi. Mama aliyejifungua saa nne usiku anatokwa na damu nyingi, presha imeshuka, na mapigo ya moyo yanaenda mbio. Alijifungua kawaida, ni mtoto wake wa tano. Naona kizazi hakijakaza. Dawa ya kukaza nimeshampa, naomba uje sasa hivi.” Hapo daktari anavaa viatu. Sehemu mbili za mwisho, unavyoiona na unachoomba, ndizo watu wa chini huziacha kwa kuogopa kuonekana wajuaji. Ndizo pia zenye faida kubwa kuliko nyingine, kwa hiyo mkubwa azidai: “Wewe unaonaje? Unataka nifanye nini?”

Anayepokea maagizo naye ana wajibu wa kuyarudia kwa sauti, na aliyeyatoa athibitishe. Kwetu hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya saa. Tunasema saa mbili na kuandika 8:00. Tunasema saa nane mchana na kuandika 14:00. Akiambiwa kwa mdomo “apewe dawa saa mbili,” mmoja ataandika 8:00, mwingine 2:00, na wa tatu atajiuliza ni asubuhi au usiku. Taja kipindi cha siku kila mara, andika kwa mtindo mmoja tu kazini kote, na msomee aliyekuagiza ulichoandika. Tarakimu nazo zitamke moja moja pale zinapofanana kwa sikio: kumi na tano na hamsini na tano zinaweza kuchanganywa katika dawa, katika mizigo bandarini na katika malipo.

Kwa kiongozi, jambo la kwanza ni kusema mwisho. Akishatoa maoni yake, kikao kimekwisha hata kama watu bado wamekaa. Anzia kwa mdogo kabisa, kisha panda juu. Wala usiulize “kuna mwenye swali?” kwa sababu jibu lake ni kimya. Uliza “leo ni kitu gani kinaweza kutuharibikia?” na umtaje mtu kwa jina. Atakayekuletea habari mbaya, mshukuru mbele ya wenzake kabla hujauliza nani amesababisha. Ukimkaripia mara moja tu, habari mbaya zitakufikia zikiwa zimeshaoza.

Sasa migogoro. Tunapenda kusema fulani ana roho mbaya, fulani anaringa, wale wawili hawapikiki chungu kimoja. Ukichunguza, ugomvi mwingi kazini ni ugomvi wa mgawanyo: nani anapangiwa zamu za usiku na sikukuu, nani anapelekwa semina yenye posho, nani anapewa wateja wazuri, nani anaombwa kubaki jioni kwa sababu “hana familia.” Vigezo visipojulikana, kila mtu anabuni maelezo yake, na maelezo hayo daima yana kabila, dini, ukoo au mapenzi ndani yake. Bandikeni ratiba ukutani. Andikeni nani alienda semina ya mwisho na nani anafuata. Nimeona timu zilizodhaniwa kuhitaji mshauri wa kisaikolojia zikipoa baada ya karatasi moja kubandikwa, nami ningependa viongozi wajaribu hilo kabla ya kumwita yeyote faragha.

Pale ugomvi unapokuwa kweli kati ya watu wawili, muda ni muhimu kuliko ufundi wa maneno. Zungumza siku ileile au kesho yake, baada ya hasira ya kwanza kushuka lakini kabla hujawasimulia watu watatu. Kaeni wawili tu. Taja tendo, athari yake, na ombi lako, na uishie hapo: “Shikamoo dada. Naomba dakika tano. Wiki hii umenipokea zamu nusu saa baada ya muda, Jumatatu na Jumatano. Mwanangu shule inafungwa, na anabaki peke yake getini. Naomba siku ukijua utachelewa unipigie mapema nipange mtu wa kumchukua.” Humo hamna “wewe siku zote,” hamna “watu wanasema.” Kisha msikilize. Huenda daladala za njia yake zimepungua, huenda anauguza. Au hana sababu yoyote, na sasa anajua kwamba umeona.

Kama umri au cheo kinazuia, tumia mtu wa kati, kama tulivyozoea katika familia. Mtu huyo anafaa iwapo atawakutanisha ana kwa ana. Akibeba maneno ya huyu kumpelekea yule na kurudi, hapo mmeanzisha majungu yenye baraka za mzee.

Kundi la WhatsApp la kazini lina matumizi mazuri: ratiba, matangazo, dharura. Kumrekebisha mtu humo ni kumvua nguo hadharani, na maandishi hayabebi tabasamu. Ukikuta hoja imeanza kuwaka, andika “tuonane ofisini saa nne asubuhi,” uache hapo.

Yapo mambo yasiyopatanishwa kwa chai. Kupigwa, kutishwa, wizi, kunyanyaswa kijinsia: hayo mtu asiambiwe “mkae myamalize.” Nchini Tanzania kudai ngono ili kumpa mtu ajira, cheo au haki yake ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, TAKUKURU, hupokea taarifa bila malipo kwa simu namba 113. Andika tarehe, saa, mahali, maneno yaliyotamkwa na waliokuwepo, siku ileile. Hifadhi ujumbe wa simu. Mwajiri anayemhamisha mlalamikaji badala ya mlalamikiwa amewafundisha wafanyakazi wote kunyamaza.

Mgogoro ukipanda kuwa wa nidhamu, sheria nayo inadai mazungumzo. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa Tanzania Bara mwaka 2007 zinamtaka mwajiri ajaribu kwanza kumrekebisha mfanyakazi kwa ushauri na maonyo. Kama kuna kikao cha nidhamu, mfanyakazi apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na ana haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamlazimu mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na asikilize majibu ya wote wawili. Mfanyakazi wa bustani aliyesomewa mashtaka kwa Kiingereza cha mawakili hajaelezwa kitu.

Mazungumzo yakishindikana, kwa Tanzania Bara mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), iliyoundwa chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Hapo shauri huanza kwa usuluhishi: msuluhishi anakaa na pande zote mbili, na maafikiano yakikosekana ndipo shauri linakwenda kwenye uamuzi. Mtumishi wa umma hupitia kwanza njia zilizowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma. Wengi hupoteza haki zao kwa kuchelewa. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 kufungua shauri, na migogoro mingine ina siku 60. Subirini msamaha wa bosi au ahadi ya “tutakupigia” mkiwa mmeshajaza fomu, maana anayefika nje ya muda atalazimika kwanza kuomba akubaliwe kuchelewa, na kuonyesha sababu nzito, kabla hata ya kuulizwa alitendewa nini.