Aniceti Kitereza na Watu wa Shamba

Mtu atokaye Geita na kushika njia ya Biharamulo hupita Katoro, kisha hufika Buseresere. Siku ya gulio huwaona watu wengi: wanawake wenye mihogo na mchele, wachuuzi wa dagaa, wachimbaji wa dhahabu, na wazee waliokuja kuuza mbuzi mmoja tu. Je, katika hao wote yuko astahiliye kuandikwa kitabuni? Wengi watajibu, "Hayuko. Vitabu huandikwa juu ya watemi na mashujaa wa vita." Lakini palikuwa na mtu mmoja, katika nchi hizi hizi za Ziwa, ambaye hakukubali jibu hilo.

Tukienda Mwanza na kupanda meli, tutavuka maji ya Ziwa Viktoria hata tushuke Nansio, katika kisiwa cha Ukerewe. Wakerewe ni wakulima na wavuvi, na lugha yao ni ndugu ya Kizinza. Huko ndiko kwao Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Alikuwa wa ukoo wa watemi, naye alilelewa nyumbani kwa mtemi. Alisoma katika misioni ya Kagunguli, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. Huko alijifunza Kilatini, Kijerumani na elimu nyingine. Alipokwisha kurudi kisiwani alimwoa Anna Katura, mwaka 1919.

Basi fikirini: mtu huyu alijua habari za watemi, maana alikaa kwao, tena alijua lugha za mbali. Lakini alipoketi kuandika kitabu chake kikubwa, hakumchagua mtemi, wala hakuiandika kwa lugha ya Ulaya. Alimchagua mkulima mmoja jina lake Myombekere, pamoja na mkewe Bugonoka, akaandika habari zao kwa Kikerewe, lugha ya mama yake. Aliimaliza kazi hiyo mwaka 1945.

Habari yenyewe ni hii. Myombekere na Bugonoka walipendana, lakini hawakupata mtoto. Ndugu za mume wakamtukana yule mwanamke kwa ugumba, hata wazazi wake wakaja kumchukua, wakarudi naye kwao. Myombekere hakutafuta mke mwingine. Alikwenda kwa wakwe zake kumwomba mkewe, akatozwa faini ya pombe ya ndizi. Akailipa, akarudishiwa mkewe. Wakatafuta mganga, na baada ya taabu nyingi wakapata mtoto mwanamume, Ntulanalwo, na baadaye binti, Bulihwali.

Kwa nini Kitereza aliyajua vema maumivu ya watu hao? Kwa sababu yaliingia nyumbani mwake mwenyewe. Yeye na Anna walizaa watoto, nao wote walikufa wangali wadogo. Hata hivyo hakumwacha mkewe. Walikaa pamoja hata uzee wao. Kwa hiyo asomaye habari za Bugonoka asidhani kwamba ni hadithi ya kupitisha wakati tu. Ndani yake mna majonzi ya watu wengi wa vijijini, ambao hakuna aliyewaandika.

Tena Kitereza alikuwa na sababu nyingine. Aliona kwamba mambo ya zamani yanasahauliwa upesi, na vijana hawayajui tena. Kwa hiyo alieleza kwa utaratibu jinsi watu walivyolima, walivyovua samaki, walivyopika pombe, walivyowaamkia wakwe, walivyotafuta dawa za miti, na walivyowazika wafu wao. Mambo hayo alikuwa ameyapokea kwa wakulima, wavuvi, na akina mama wa kijijini. Hao ndio waliokuwa walimu wake wa kwanza, kabla ya Kagunguli na Rubya.

Lakini kitabu hakikupata mtu wa kukipiga chapa. Padre Almas Simard, Mkanada, alimtia moyo, walakini wachapaji hawakutaka kitabu kirefu cha lugha ya watu wachache. Miaka ikapita. Kitereza hakukata tamaa. Katika uzee wake alikitafsiri kitabu chote kwa Kiswahili, yeye mwenyewe. Ndipo kilipochapwa na Tanzania Publishing House, mwaka 1980, yaani miaka 35 baada ya kumalizika. Naye Kitereza alifariki mwaka 1981, asikishike mkononi. Mwaka 2002 kilitokea kwa Kiingereza, kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, aliye mzaliwa wa Ukerewe vilevile. Hivyo Myombekere, mkulima wa kisiwani, ajulikana hata ng'ambo.

Wanafunzi, jifunzeni neno hili. Mzee asiyejua kusoma aweza kuwa na elimu nyingi kichwani mwake. Ajua majina ya miti, ajua dalili za mvua, ajua namna ya kuwapatanisha waliogombana. Akifa bila kuulizwa, elimu hiyo huzikwa pamoja naye. Wala hakuna fedha iwezayo kuichimbua tena, kama ichimbuliwavyo dhahabu ya Geita. Kalamu mnayo, na wazee wangali karibu. Msingoje.

MASWALI

1. Kitereza alizaliwa mwaka gani, na alilelewa wapi?
2. Kwa nini wazazi wa Bugonoka walimchukua binti yao?
3. Myombekere alifanya nini ili arudishiwe mkewe?
4. Taja mambo matano ya maisha ya kale yaliyoelezwa katika kitabu.
5. Kwa nini kitabu kilikawia miaka mingi kabla ya kuchapwa?
6. Nenda kwa babu au bibi, umwamkie kwa heshima, umwombe akueleze kazi moja aliyoifanya alipokuwa kijana. Andika maneno yake katika daftari, kisha umsomee, akusahihishe.