Mtego wa Mwale: Maswali na Majibu Kuhusu King'ora cha Leza

Katika darasa langu la elektroniki hakuna mradi unaowavuta vijana kama huu. Vifaa vyake vyote vinaenea kwenye kiganja, na siku unapokubali, hata mtu asiyejua transista ni kitu gani anaelewa papo hapo: umepita, kimelia. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa mara kwa mara.

Fundi, mwale mwembamba namna ile unajuaje kwamba mtu amepita?

Mwale haujui chochote, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Akili na pesa zote wanazimalizia kwenye leza, ilhali leza ni tochi tu iliyomulika mahali pamoja. Anayekesha ni kipokezi kilicho upande wa pili, kile kijidude chenye mstari uliojipinda kama nyoka usoni, ambacho dukani utakiomba kwa jina la LDR. Mwanga mkali ukikipiga, ukinzani wake hushuka hadi omu mia chache. Giza likikifunika, hupanda hadi malaki ya omu, wakati mwingine milioni nzima. Mtu akikatiza mwale, kivuli chake kinakigusa kipokezi, ukinzani unapanda, na saketi inapiga kelele.

Kwa hiyo unachojenga ni kifaa cha kunusa kivuli. Faida yake ni kwamba betri ya leza ikiisha, au mjanja akiing'oa, kwa kipokezi hilo nalo ni giza. King'ora kitalia vilevile.

Leza nichukue ipi? Ile ya kuchezea ya mnyororo wa funguo inafaa?

Inafaa kwa kujifunzia, ila ina kasoro moja inayoua miradi mingi. Vitochi vile hutumia betri tatu za kitufe, jumla volti 4.5, na mara nyingi kinachozuia umeme usizidi ni udhaifu wa betri zenyewe. Ukikiunganisha na chanzo chenye nguvu zaidi, leza inakufa kimyakimya: inabaki kutoa mwanga hafifu kama wa taa ya kawaida, na huwezi kuifufua. Kama mkoba unaruhusu, nunua kileza chekundu kilichoandikwa volti 5, kilichokwisha wekewa rezista yake. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa nanomita 650 hivi, na LDR inauona vizuri.

Leza ya kijani usiinunue. Nitakueleza sababu nikifika kwenye macho.

Nipe saketi, fundi. Nataka kelele iendelee hata mwizi akishapita.

Umeuliza jambo la maana. Saketi nyingi rahisi za transista moja hulia kwa muda ule tu mwale umekatwa, na mtu anayetembea huukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Utasikia kimlio kimoja kisha kimya. Unahitaji saketi yenye kumbukumbu.

Mimi hutumia IC ya 555. Hans Camenzind, mhandisi mzaliwa wa Uswisi, aliibuni mwaka 1971 akiwa Marekani kwa ajili ya kampuni ya Signetics, na mpaka leo inauzwa karibu kila duka la vipuri vya redio. Ina miguu minane. Ishike kibonyeo chake cha nusu mwezi kikiwa juu: mguu wa 1 uko juu kushoto, unahesabu ukishuka, kisha unapanda upande wa kulia.

Mguu wa 8 unakwenda chanya na wa 1 hasi. LDR iwe kati ya chanya na mguu wa 2, halafu rezista kati ya mguu huohuo wa 2 na hasi. Thamani yake tutaitafuta hapo chini. Mguu wa 6 upeleke hasi. Mguu wa 5 uufunge kwenye hasi kupitia kapasita ya nanofaradi 10. Mguu wa 4 upandishe chanya kwa rezista ya kilo-omu 10, kisha weka swichi ya kubonyeza kati yake na hasi. Baza ikae kati ya mguu wa 3 na hasi. Chagua ile inayolia yenyewe ukiipa betri. Mguu wa 7 uache wazi. Betri nne ndogo, volti 6 kwa jumla, zinatosha.

Volti ya mguu wa 2 ikishuka chini ya theluthi moja ya volti ya betri, 555 inawasha mguu wa 3 na kuushikilia. Mwale ukirudi, haijali. Inanyamaza pale tu unapobonyeza ile swichi ya mguu wa 4. Ukitaka kuendesha king'ora kikubwa, usikiunganishe hapo moja kwa moja, maana 555 ya kawaida haipaswi kutoa zaidi ya miliampia 200. Weka transista na rilei, na usisahau diodi sambamba na koili ya rilei, la sivyo teke la umeme linalotoka kwenye koili wakati wa kuzima litaua transista.

Nimeijenga. Usiku inafanya kazi, lakini mchana napita mbele ya mwale na haisemi kitu. Nimekosea wapi?

Hujakosea waya. Kipokezi chako kinaoga mwanga wa chumba, na kivuli chako ni chembamba mno kukitia giza. Swali hili ndilo lenye somo lote la mradi, kwa hiyo nitalikalia.

Dawa ya kwanza ni mrija. Chukua ganda la kalamu au kipande cha bomba, kipake rangi nyeusi isiyong'aa ndani, kiwe na urefu wa kidole, kisha tumbukiza LDR mwisho kabisa. Sasa kinaona upande mmoja tu, kule leza iliko. Nyuma yake kifunike kwa utepe mweusi, kwa sababu mwanga hupenya hata kwa mgongoni. Mrija huo usio na gharama unaleta tofauti kubwa kuliko leza yoyote ya bei mbaya.

Dawa ya pili ni ile rezista. Vijana wengi huweka kilo-omu 10 kwa sababu waliiona kwenye mchoro wa mtu mwingine. Tazama hesabu. Mguu wa 2 unashuka chini ya theluthi pale tu LDR inapozidi mara mbili ya rezista. Kwa rezista ya kilo-omu 10, LDR lazima ipite kilo-omu 20, ilhali LDR nyingi za kawaida, hata kwenye chumba chenye mwanga hafifu, zinasoma kati ya 10 na 20. Haitalia hata ukisimama hapo kutwa.

Kwa hiyo pima. LDR ikiwa ndani ya mrija na mahali pake pa kudumu, isome kwa multimita mwale ukiwa juu yake, kisha uukate kwa mkono na usome tena, saa ile ya mchana yenye mwanga mkali kuliko zote. Tuseme umepata omu 600 na omu 9,000. Tafuta rezista ambayo ukiizidisha mara mbili inaangukia katikati ya namba hizo, mbali na zote mbili. Ya kilo-omu 1.2 inakupa 2,400: mara nne ya usomaji wa chini, na karibu robo ya ule wa juu. Hiyo ndiyo yako. Ya jirani yako itakuwa nyingine.

Nina watoto wadogo nyumbani. Je, macho yao yatakuwa salama?

Mama, swali hili lingestahili kutangulia. Jicho huukusanya mwale wa leza kuwa nukta moja ndogo juu ya retina, na pakiungua hapo hapaoti tena. Leza nyekundu isiyofikia miliwati 1 hutegemea kupepesa: mtu hufumba jicho kwa robo ya sekunde hivi, kabla madhara hayajatokea. Vileza vingi vya mradi huu huandikwa miliwati 5, na vya bei rahisi huweza kuzidi kilichoandikwa. Leza za kijani ni mbaya zaidi, kwa kuwa baadhi yake hutoa pia miale isiyoonekana ambayo jicho halipepesi ikiingia.

Weka mwale usawa wa goti la mtu mzima, kama nyumba haina mtoto anayetambaa. Kama yupo, mradi huu usiwekwe sebuleni. Tumia infraredi ya rimoti ya televisheni, ambayo mwanga wake hutawanyika na si mwale wa leza. Mwale uishie ukutani au kwenye mrija, kamwe usitokee dirishani. Na unapoulenga, fuata nukta kwenye karatasi nyeupe. Usichungulie tundu la leza kuona kama inawaka.

Nataka kulinda banda la kuku usiku. Umeme nitoe wapi?

Leza hula miliampia 30 hivi bila kupumzika. Betri ya mraba ya volti 9 ina takriban miliampia-saa 500, basi itakesha usiku mmoja na kidogo. Chaja ya simu ya volti 5 ni bora. Pawabanki nayo inafaa ukiijaribu kwanza mchana, kwa sababu nyingi hujizima zenyewe zikiona mzigo ni mdogo mno, na utaamshwa saa nane za usiku na kelele isiyo na mwizi.

Mwale upitishe nje ya mlango, chini ya paa, juu kidogo ya urefu wa jogoo na paka. Funga leza na kipokezi kwenye ukuta au nguzo imara. Kwenye mti, upepo utakusumbua.

Naweza kuzungusha mwale chumba kizima kwa vioo?

Unaweza, lakini vioo viwili vinatosha. Kioo kikisogea nyuzi 1, mwale unageuka nyuzi 2, na baada ya mita 10 nukta imehama sentimita 35.

Je, mwizi anaweza kuidanganya?

Anaweza. Akimulika kipokezi kwa tochi kali huku akipita, LDR haitajua tofauti. Ndiyo maana ving'ora vya viwandani hutumia infraredi isiyoonekana, inayowaka na kuzima kwa mdundo maalumu ambao kipokezi chake kinautambua, na mara nyingi huwa miale miwili kwa pamoja ili ndege asiviamshe. Ukishaiweza saketi hii, huo ndio mradi wako unaofuata. Kwa sasa ifunge kwenye korido au stoo, na mlango uendelee kuufunga kwa kufuli.