Kulizuia Tope Kabla Halijafika Ziwani: Mambo ya Kuangalia Barabara Inapojengwa

Somo hili linamhusu mkazi wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambaye hutumia maji ya ziwa, hula samaki wake na hupita katika barabara zinazojengwa. Baada ya kulisoma, mtumiaji ataweza kutambua kama eneo la ujenzi limekingwa dhidi ya mmomonyoko, na atajua malalamiko yake ayapeleke wapi.

1. Tope hutoka wapi?

Mkoa wa Kigoma umeshuhudia ujenzi wa barabara kubwa za lami, ikiwemo ile ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu. Manufaa yake yanafahamika: safari hufupika, na mazao hufika sokoni kabla hayajaharibika. Lakini nchi yenyewe ni ya milima na mabonde, na mvua zake, zinazoanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, hufikia karibu milimita 1,000 kwa mwaka.

Ardhi yenye nyasi na miti hupokea mvua taratibu. Majani huvunja nguvu ya matone, na mizizi huushika udongo. Katapila likishapita, kinga hiyo huondoka kwa siku moja. Tuchukue mfano wa hekta moja ya mteremko uliokatwa. Mvua ya milimita 50 huimwagia lita 500,000 za maji. Maji hayo yakichukua unene wa milimita moja tu ya udongo, ni meta za ujazo 10, yaani takribani shehena ya tipa moja kubwa.

Udongo huo ukishachanganyika na maji, kuutoa ni kazi ngumu. Katika maji yaliyotulia, mchanga mnene hushuka kina cha meta moja kwa sekunde chache. Chembe laini za mfinyanzi huweza kuchukua siku tatu au zaidi. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya somo hili ni kuuzuia udongo usiondoke mahali pake. Kulinasa tope njiani ni hatua ya pili.

2. Hasara humwangukia nani?

Wa kwanza ni mkazi wa chini ya barabara. Mtaro uliojaa mchanga hauna nafasi ya maji, nayo maji hutafuta njia kupitia uani na shambani.

Wa pili ni mtumiaji wa maji. Maji yenye tope huhitaji dawa nyingi zaidi na vichujio vyake husafishwa mara kwa mara, na gharama hizo ni sehemu ya gharama za huduma. Aidha, chembe za udongo huvikinga vijidudu visifikiwe vizuri na klorini.

Wa tatu ni mvuvi na mlaji wa samaki. Ziwa Tanganyika lina kina cha takribani meta 1,470 na ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Hata hivyo, samaki wengi wasiopatikana penginepo duniani huishi kwenye miamba ya ufukweni, ambako hula mimea midogo inayoota juu ya mawe. Kuhe naye huja maji ya karibu na pwani kutaga. Tope likiyafunika mawe, chakula na mazalia hufunikwa pamoja nayo. Utafiti wa Andrew Cohen na wenzake, uliochapishwa mwaka 1993, ulionesha kwamba maeneo ya ziwa yaliyopokea tope jingi yalikuwa na aina chache zaidi za viumbe kuliko maeneo yaliyosalimika. Ziwa lina mto mmoja tu wa kulitoa maji, Lukuga, upande wa Kongo. Kwa hiyo tope likishaingia ziwani, hubaki humo.

3. Kinga imara huwaje?

Kinga imara ina ngazi kadhaa, ili moja ikishindwa, nyingine ibakie. Mtumiaji anaweza kuziona kwa macho:

(a) Ardhi hufunguliwa kwa vipande. Mkandarasi makini hakati kilometa nyingi kwa mara moja. Hukata kipande, hukikamilisha na kukifunika, kisha huendelea. Miteremko mikali hukamilishwa wakati wa kiangazi.

(b) Maji safi hutenganishwa na udongo. Mtaro huchimbwa juu ya mteremko uliokatwa ili maji ya mlimani yazungushwe na kupelekwa mahali salama bila kupita kwenye udongo ulio wazi.

(c) Maji hupunguzwa mwendo. Ndani ya mitaro mikali huwekwa vizuizi vifupi vya mawe, vilivyo chini katikati kuliko pembeni, ili maji yapite juu ya mawe na yasichimbe kingo. Mdomo wa kalavati nao hutandikwa mawe.

(d) Udongo hufunikwa. Nyasi za kienyeji au vetiva hupandwa kwa kufuata mstari wa mlima, na matandazo hulinda mahali ambapo nyasi hazijashika. Nyasi zipandwe mapema, zipate mizizi kabla ya mvua kubwa.

(e) Tope linalobaki hunaswa. Uzio wa kitambaa hujengwa chini ya mteremko, nao ufukiwe mguu wake ardhini. Ukiwekwa juu juu, maji hupita chini yake. Uzio huu haufai kukatiza kijito, kwa kuwa nguvu ya maji huung'oa. Mahali penye maji mengi huchimbwa bwawa la kutuamisha tope, lenye njia ya dharura iliyojengwa kwa mawe, ili mvua kubwa kuliko iliyotarajiwa isilibomoe.

Ngazi zote hizi hutegemea matunzo. Bwawa lililojaa tope halinasi tena kitu. Ukaguzi hufanyika kabla ya msimu na baada ya kila mvua kubwa, na tope linalozolewa halimwagwi kando ya mto. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye mteremko, ufa wa leo huwa korongo mvua zikirudi.

4. Dalili za kinga iliyoshindwa

Mtumiaji achukue hatua akiona mojawapo ya haya: mifereji midogo inayochimbika kwenye mteremko mpya, uzio wa kitambaa ulioanguka au kuzikwa na udongo, kalavati lililoziba, kifusi kilichorundikwa ukingoni mwa kijito au ziwa, au kijito kilicho safi juu ya eneo la ujenzi na chenye tope chini yake. Dalili hii ya mwisho ina nguvu kuliko zote, kwa sababu huonesha tope limeingilia wapi. Piga picha za sehemu zote mbili, andika tarehe, saa na jina la mahali.

5. Haki yako na pa kuipeleka

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa, zikiwemo barabara kuu, ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi washirikishwe. Kifungu cha 57 kinalinda ukanda wa meta 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto dhidi ya shughuli zinazoweza kuuharibu.

Anza na ofisi ya mhandisi mkazi wa mradi, na mwenyekiti wa mtaa au kijiji apate nakala. Usiporidhika, nenda TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, au TARURA kwa barabara za mijini na vijijini. Uchafuzi wa mto au ziwa hupelekwa NEMC na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Maji ya bomba yakitoka na tope, toa taarifa kwa mamlaka ya maji iliyokuunganishia huduma na utunze namba ya lalamiko. Usipotatuliwa tatizo, lalamiko hilo huweza kufikishwa EWURA.

Wakati unasubiri, acha maji yatuame kwenye chombo chenye mfuniko, yamimine taratibu, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha yachemshe. Kuchuja pekee hakutoshi.

6. Maswali ya kujipima

(i) Kwa nini ni rahisi zaidi kuuzuia udongo mlimani kuliko kuutoa majini?
(ii) Je, mteremko mpya ulio karibu nawe umefunikwa, au utazikuta mvua ukiwa wazi?
(iii) Ni nani mhandisi mkazi wa barabara inayojengwa katika eneo lako? Kama hufahamu, uliza katika mkutano ujao wa mtaa, kabla ya Oktoba.