Dondoo muhimu: Kutambua mche wa dungusi kakati

Mche wa dungusi kakati haufanani na mmea uliokomaa, kwa hiyo usikimbilie kuupa jina.

1. Tafuta vidoti vyenye manyoya ambamo miiba huchomoza. Visipokuwepo, huenda huo si dungusi.
2. Usiukate kutazama utomvu. Ukiwa ni jamaa ya mnyaa, utomvu wake mweupe ukiingia machoni hudhuru vibaya.
3. Usidanganywe na umbo. Aina nyingi za dungusi wenye umbo la mnara huanza zikiwa tufe dogo. Mpungate, ambao nao ni dungusi, hutoa kwanza kishina cha mviringo, vipande bapa huja baadaye.
4. Mche uliokaa gizani hurefuka na kupauka. Uzoeshe mwanga polepole, ndipo uuchunguze.
5. Idadi ya mbavu na miiba hubadilika unavyokua. Piga picha kila mwezi, rula ikiwa pembeni.
6. Mpungate ushike kwa koleo: vimiiba vyake vidogo vina ndoana, na kuving'oa kidoleni ni adhabu.
7. Usitupe mpungate shambani. Kipande kimoja huota, na huko Laikipia, Kenya, umeshavamia malisho.
8. Jina kamili mara nyingi husubiri maua. Muuzaji anayekuhakikishia spishi ya mche usiozidi ukucha, anabahatisha.