Mto Lowa na Njia Mbili za Mvua

Wengi hudhani kwamba mto huanza pale wanapouvuka. Sivyo. Mto huanza mlimani, katika chemchemi ndogo ambazo hata mtoto huziruka.

Chanzo cha mto Lowa ki katika milima ya Masisi, yenye vilele vinavyopita mita 2,000. Maji yake huteremka kuelekea magharibi na kuingia katika msitu mkubwa wa Walikale, ambako nchi ni ya chini na yenye joto. Njiani Lowa hupokea mito mingine, kama Oso na Luhoho, kisha humwagika katika Lualaba, mbele ya Kindu. Lualaba nao, ukisha kupita Kisangani, huitwa Kongo, nao hufika bahari ya Atlantiki.

Lakini mvua ya Masisi haifuati njia moja. Ile inyeshayo upande wa Sake huingia ziwa Kivu. Mto Ruzizi huyatoa maji Kivu na kuyapeleka ziwa Tanganyika, na mto Lukuga huyatoa Tanganyika na kuyapeleka Lualaba. Basi matone mawili yaliyoanguka juu ya mgongo mmoja wa mlima, moja huku na jingine kule, yasipokauka njiani, huweza kukutana tena pale Lowa uingiapo Lualaba.

Miti ya mlimani huizuia mvua isishuke kwa nguvu, na ardhi huinywa polepole. Katika karne ya 20 sehemu kubwa ya misitu ya Masisi ilikatwa, ikawa mashamba na malisho ya ng'ombe. Mahali palipo wazi, mvua huchukua udongo mzuri. Shamba hudhoofika, na mto huwa tope. Huko Walikale nako, wachimbao kasiteriti huiosha katika vijito. Mama atekaye maji chini yao hupata maji machafu, na samaki hupungua.

Kwa hiyo mkulima mwenye busara hulima kwa kukata mteremko, hupanda majani kwenye kingo za shamba, wala hakati miti iliyo kwenye chemchemi. Hivyo huulinda udongo wa watoto wake, na maji ya watu asiowajua.

Maswali
1. Lowa huanzia wapi, na huishia wapi?
2. Mvua ya upande wa Sake hufikaje Lualaba?
3. Kijito cha kijiji chenu huenda mto gani, na ni nani wanaokinywa chini yenu?