Picha ya Mtoto Anayemaliza Kidato cha Nne



Katika somo hili tutazungumza juu ya picha ya mtoto wako anayemaliza Kidato cha Nne. Najua wengine watasema, "Picha nayo inahitaji somo? Si unasimama tu, fundi anabonyeza?" Hata sisi tuliwaza hivyohivyo, mpaka yalipotukuta hapa Kibamba.

Kibamba iko kando ya barabara ya Morogoro, ukishapita Mbezi ukielekea Kibaha. Zamani tulikuwa chini ya Kinondoni, sasa tuko Manispaa ya Ubungo. Katika darasa letu la kisomo alikuwako mama mmoja, asubuhi anakaanga vitumbua, alasiri anakuja kusoma. Mumewe alifariki. Siku ya msiba watu walitaka picha ya marehemu. Nyumba nzima ikatafutwa. Haikupatikana hata moja, ila ile ndogo iliyo kwenye kadi ya kupigia kura. Ikapelekwa kukuzwa. Ilirudi kubwa kama sinia, lakini uso ulikuwa madoa matupu. Ukikaa mbali unaona mtu, ukisogea unaona madoa. Mama yule akaweka nadhiri kwamba binti yake akimaliza shule, atapigwa picha ya maana.

Binti akafika Kidato cha Nne. Mama akadunduliza hela kwenye kopo la maziwa. Karibu na mahafali wakaenda studio. Baada ya siku 2 akaja darasani na bahasha, akatoa picha, akatuuliza, "Walimu, huyu ni nani?"

Picha yenyewe ilikuwa safi, inang'aa. Joho lipo, kofia ipo. Lakini uso ulikuwa mweupe kama wa mtu mwingine. Kovu dogo juu ya nyusi, alilolipata alipoanguka kutoka juu ya mwembe, halikuwepo. Pua imechongwa. "Rangi ya mwanangu ni ya baba yake," mama akasema. "Ndiyo aliyoniachia. Mimi nimelipa hela ili fundi aifute?"

Darasa zima likanyamaza. Tutarudi kwa mama huyu. Kwanza tuanze somo lenyewe.

PICHA MBILI, SIKU MBILI

Wazazi wengi huchanganya jambo hili. Mtoto wa Kidato cha Nne ana picha mbili. Ya kwanza ni ya cheti, ya pili ni ya ukumbusho.

Cheti cha Kidato cha Nne hutolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Vyeti vya siku hizi vina picha ya mtahiniwa mwenyewe. Picha hiyo siyo ile ya joho na maua. Hupatikana wakati shule inasajili watahiniwa, miezi mingi kabla ya mtihani wa Novemba. Mahafali huja baadaye, mara nyingi Septemba au Oktoba. Kwa hiyo ukisema "tutajiandaa mahafali yakikaribia", umechelewa kwa picha ya kwanza, na hiyo ndiyo nzito zaidi. Mtoto akienda chuo au kuomba kazi, ofisa ataangalia cheti, kisha atamwangalia mtoto usoni. Lazima vifanane.

Basi mwulize mtoto au mwalimu wa darasa mwanzoni mwa mwaka: picha za usajili zinapigwa lini? Siku hiyo mtoto asikose shule. Tunajua kwa nini wengine hukosa. Ada ya sekondari za serikali, Kidato cha 1 hadi cha 4, iliondolewa Januari 2016, lakini sare imebaki mikononi mwa mzazi. Msichana anaona sketi imechanika, anaona aibu, anabaki nyumbani. Mwambieni kwamba picha ile huonyesha kuanzia kifuani kwenda juu. Sketi haionekani! Anachohitaji ni shati safi lenye kola iliyonyooka, na shati linaazimwa kwa jirani.

Siku hizohizo za usajili, mwombe mtoto akuandikie majina yake jinsi yalivyoandikwa kwenye orodha ya shule. Chukua cheti cha kuzaliwa, linganisha herufi kwa herufi. Hapa kisomo chako kinafanya kazi. Kosa la herufi moja likionekana mapema, mwalimu analirekebisha kwa kalamu. Likishapigwa chapa kwenye cheti, ni safari za ofisi hadi ofisi.

KAMERA INAVYOONA

Jicho la mtu lina akili nyuma yake. Ukimwona mtu amesimama mbele ya ukuta mweupe wenye jua, bado unamtambua uso. Kamera haina akili hiyo. Yenyewe hupima mwanga wote ulio mbele yake, ikatafuta wastani. Ukuta ukiwa unawaka, kamera husema "mwanga ni mwingi", inapunguza. Ukuta unatulia, lakini uso wa mtu mweusi unakuwa giza, macho hayaonekani. Ndiyo sababu picha nyingi za watoto wetu hutoka kama kivuli chenye shati jeupe. Tatizo siyo rangi ya mtoto. Tatizo ni mahali aliposimamishwa.

Kuna kisa hapa kidogo. Kwa miaka mingi ya karne iliyopita, mitambo ya kusafisha picha za rangi duniani ilirekebishwa kwa kutumia picha ya mwanamke wa Kizungu. Kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikizigawa, na watu wa kazi hiyo waliziita kadi za Shirley. Rangi ya ngozi yake ikitoka vizuri, basi mashine ni nzuri. Weusi hawakuwamo katika hesabu hiyo. Watafiti wameandika kwamba malalamiko yaliyosaidia kubadili filamu hizo yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, maana bidhaa zao zote zilitoka rangi moja. Mnaona jamani? Meza ilisikilizwa kabla ya mtu.

Siku hizi kamera ni bora zaidi, lakini fundi bado anatakiwa kujua kazi. Nawe mwenye mtoto unaweza kumsaidia. Msimamishe mtoto barazani, kivulini, uso ukitazama nje kwenye mwanga. Saa 2 au 3 asubuhi ni nzuri, na saa 10 au 11 jioni ni nzuri. Saa 6 mchana jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo mawili. Chini ya mwembe nako usikuamini sana, maana mwanga unapenya kwenye majani na kumtia mtoto madoa usoni kama chui. Pazia la nyuma lisiwe jeusi, nywele zitapotea humo. Ila kama karatasi ya shule imetaja rangi ya nyuma, iwe bluu au nyeupe, fuata karatasi. Isome wewe mwenyewe kabla ya kutoa hela.

KUMWANDAA MTOTO

Hapa tuna kosa letu la kukiri. Mwaka mmoja tuliwaambia kina mama wawapake watoto poda ili nyuso zisimeremete. Picha zilirudi zote za kijivu, watoto kama wametoka kupepeta unga. Tuliomba radhi. Tunayosema sasa ni kwamba mtoto anawe uso, ajipake mafuta kidogo tu, na aende na kitambaa safi. Uso ukitoa jasho anafuta kwa kugandamiza, asisugue.

Shati lipigwe pasi usiku, kisha lisivaliwe njiani. Kutoka hapa Kibamba kwenda studio mtoto atapanda bodaboda au atabanwa kwenye daladala. Akivaa shati nyumbani, atafika na vumbi na alama ya mkoba begani. Alikunje vizuri, alivae hukohuko. Nywele zinyolewe au zisukwe siku 2 au 3 kabla, maana aliyesukwa jana huwa na paji la uso limevutika na kichwa kinamuuma, na picha huonyesha. Anayevaa hijabu aifunge ili uso wote uonekane, kuanzia paji hadi kidevu, na kitambaa kisitie kivuli machoni.

Halafu alale. Mtoto aliyekesha anasoma akapigwa picha asubuhi, macho yake husema kweli.

Kwa picha ya joho, neno moja tu. Joho la kukodi linapendeza, lakini siyo sharti la kumaliza shule. Tumewaona wazazi wakikopa kwa ajili ya joho la saa moja. Sare safi ya shule ni picha nzuri vilevile, na miaka 20 baadaye watu wataiangalia kola ya shule yao na kuitambua.

Na wewe mzazi, ingia kwenye picha. Kina mama mnatushinda hapa. "Mimi sijavaa vizuri, pigeni watoto." Huyo mtoto atatafuta picha yako siku moja, atakuta kadi ya kura.

FUNDI NA HELA

Siku ya mahafali wapiga picha huja wengi. Wengine hupiga bila kuombwa, kisha wanakuja na picha imeshatoka, "Mama, elfu kadhaa." Hujamwagiza, huna deni naye. Kama unaitaka, patana. Aliye bora ni yule mliyekubaliana naye mapema: picha ngapi, saizi gani, lini zitakuwa tayari, hela kiasi gani. Aandike kwenye risiti, na wewe uisome palepale mbele yake. Asipotaka kuandika, nenda kwa mwingine.

Kabla hajachapa, mwambie akuonyeshe picha kwenye kamera au kompyuta. Angalia macho. Je, weupe wa jicho na mboni vinaonekana? Je, nywele zimeachana na pazia? Na hapa ndipo umwambie wazi: "Usimbadilishe rangi wala kumfuta alama." Siku hizi mafundi wengi humsafisha mtu uso kwa kompyuta bila hata kuuliza, wakidhani wanakufurahisha. Kwa picha ya cheti au kitambulisho hilo ni hatari. Mtu wa dirishani akiona uso wa karatasi hauendani na uso wa mtu, atakayesumbuka ni mtoto, fundi hayupo.

KUITUNZA

Unguja, katika Mji Mkongwe, marehemu Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Picha zake bado zinaonekana leo, kwa sababu zilitunzwa. Zetu zinaishi ndani ya simu, na simu huanguka chooni.

Mwombe fundi akupe picha yenyewe, siyo karatasi tu. Akikutumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hupunguzwa ubora, ukija kuikuza utapata madoa. Mwambie aitume kama faili la hati. Mtumie na ndugu mmoja aliye mbali, ili simu ikiibwa picha isiende nayo. Ile ya karatasi usiibandike juu ya kioo cha fremu bila kadibodi ya kuiachanisha, ikipata unyevu itaganda. Isikae juani. Nyuma yake andika jina, shule na mwaka, kwa penseli laini, karibu na ukingo. Kalamu ya wino ukiikandamiza itatoboza alama usoni upande wa pili.

YULE MAMA

Tulikwenda naye studio, sisi na binti yake. Njiani binti alikuwa amenuna. Tulifikiri anamkasirikia fundi, kumbe anatukasirikia sisi. "Mama, mimi ndiye niliyemwambia anifanye hivyo," akasema. "Wenzangu wote picha zao ziko hivyo. Mimi nionekane mweusi peke yangu?"

Mama alisimama barabarani. Hakumgombeza. Alimwuliza tu, "Mwanangu, baba yako alikuwa na sura mbaya?" Binti akatazama chini. Sisi walimu hatukuwa na la kusema, tukajifanya tunaangalia magari.

Fundi alikuwa mtu mwelewa. Akafungua kompyuta, akaitafuta ile ya kwanza, kabla haijaguswa. Kwa bahati hakuwa ameifuta. Kovu lipo, rangi ipo, na tabasamu la upande mmoja ambalo kwenye ile nyingine lilikuwa limenyooshwa. Akachapa upya kwa bei ya karatasi. Mama akaomba kalamu, akakumbuka, akaomba penseli. Akaandika mwenyewe nyuma, polepole, majina yote matatu ya binti, la mwisho likiwa la marehemu.

Picha hiyo sasa iko sebuleni kwao. Ile nyeupe binti anayo kwenye simu. Hatujasikia kwamba wamekubaliana ipi ni nzuri.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Shule ya mtoto wako au wa jirani husajili watahiniwa mwezi gani? Nani atakwenda kuuliza?

2. Binti alisema wenzake wote wamefanya hivyo. Kama ungekuwa wewe, ungemjibu nini?

3. Chukueni rula. Picha ndogo ya pasipoti hutumia sana kipimo cha upana wa milimita 35 na urefu wa milimita 45. Pimeni picha mlizonazo. Je, zinafika?

4. Hesabu. Tuseme fundi wa kwanza anataka shilingi 4,000 kwa picha ndogo 4. Wa pili anataka shilingi 1,500 kwa kila picha, lakini anakupa na faili lake. Wewe unahitaji picha 2 sasa, na 2 mwakani. Utakwenda kwa nani, na kwa nini?