TANGI LIMEJAA, MBONA MFEREJI HAUTOI MAJI?



Hapa Mutomo tunaitegemea zaidi mvua ya Oktoba hadi Desemba, maana ile ya Machi huweza kupita kama mgeni asiyeketi. Toka Juni hata Oktoba hatuna mvua ya kutumainia, na visima vingi virefu vya Kitui kusini hutoa maji ya chumvi. Basi maji ya paa ni akiba kama mahindi ya ghalani, nayo yataka ulinzi uleule.

Tufanye hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1 ya bati hutoa lita 1. Paa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 ni mita mraba 40. Mvua ya milimita 30 italipa lita 1,200. Toa sehemu ya tano kwa yale yanayoruka na kupotea, utabaki na lita 960, yaani madebe 48 ya lita 20. Lakini mlizamu ukiwa umelegea au umejaa majani, hesabu hiyo ni ya karatasini tu. Uinamishe sentimita 1 kwa kila mita kuelekea tangini, na uufagie kabla ya mvua.

Sasa tuje kwenye mfereji unaodondoka. Watu wengi huudharau. Weka kikombe cha robo lita chini yake. Kikijaa kwa saa moja, umepoteza lita 6 kwa siku. Toka mwanzo wa Juni hata mwisho wa Septemba ni siku 122: lita 732, zaidi ya madebe 36! Mimi mwenyewe, karani ninayekuandikia shauri hili, mwaka mmoja niliufunga mfereji wangu kwa kamba nikasema nitautengeneza kesho. Agosti niligonga tangi likalia kama ngoma. Mke wangu hakusema neno. Alinionyesha tu punda na mitungi.

Kazi yenyewe si ya kuogopesha. Funga koki iliyo karibu na tangi, kisha fungua mfereji maji yaliyobaki yatoke. Shika mwili wa mfereji kwa spana moja, na kwa spana ya pili fungua kichwa chake. Usitumie spana moja tu, kwa kuwa bomba lote litazunguka na kuvunja saruji pale linapotoka tangini, nawe utakuwa umegeuza kazi ya dakika kumi kuwa kazi ya fundi. Toa kichwa, utaona chini yake kipande cha mpira cha duara. Kikiwa kimelika au kina alama ya mkato, weka kipya. Pangusa mchanga mahali mpira unapokalia, maana chembe moja yatosha kuleta udondokaji tena. Ikiwa maji hutoka chini ya mkono wa mfereji, kaza kidogo ile nati ya juu. Na wafundishe watoto kufunga kwa upole. Kukaza kwa nguvu ndiko kunakoua mpira.

Sasa lile swali tunaloulizwa sana ofisini: tangi limejaa, bomba ni zima, na maji hayatoki. Usianze kuchimba. Kwanza tazama kama chujio la kinywa cha bomba tangini limezibwa na tope. Kisha hakikisha kwamba koki imefunguliwa. Kisha tembea juu ya njia ya bomba. Ukiona majani mabichi wakati wa kiangazi, hapo pana tundu.

Usipoona kitu, yawezekana hewa imekwama. Bomba likipanda kilima kidogo kisha likashuka, hewa hukusanyika pale juu na kuyazuia maji. Dalili yake ni mfereji kukohoa, kupuliza, kisha kunyamaza. Fukua pale palipoinuka, legeza kiungo polepole mpaka hewa iishe kulia na maji yatokeze, ndipo ukaze. Dawa ya kudumu ni kulaza bomba likishuka moja kwa moja, au kuweka koki ndogo pale juu ya kutolea hewa. Na ujue kwamba maji ya tangi yakishuka chini ya kilele hicho, usitumaini kitu. Sheria ni ileile kwa bomba refu liletalo maji kutoka katika mabwawa ya miamba, ambayo yamejengwa Kitui tangu miaka ya 1950.

Bomba la plastiki lisiachwe juani, litakauka na kupasuka, lifukie. Tangi la saruji usilikaushe kabisa, acha maji kidogo chini lisipate nyufa. Ukitaka kulisafisha, asiingie mtu peke yake bila mwenzake kusimama mlangoni.

Ukienda dukani kununua mpira wa mfereji, chukua kile cha zamani mfukoni ulinganishe. Nunua viwili, kimoja ukifunge katika kitambaa na kukiweka pamoja na spana, si katika kisanduku cha misumari ambako hutakiona tena.